Kabla Dole Gumba Halijagusa Fomu

Kwenye daladala ya kutoka Usa River kwenda Arusha mjini, abiria akicheka tu, aliyekaa naye anaweza kukisia alikokulia. Meno yenye mabaka ya kahawia, mengine yamemeguka kingo, si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Ni kazi ya maji. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopenya kwenye miamba na majivu yake ya kale hubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Zipo chemchemi na visima kuzunguka mlima huu vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, alama inabaki maisha yote. Akiyanywa kwa wingi na kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika, miguu ikaingia matege.

Ndiyo maana watafiti hawakauki pande hizi. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, ambako chujio la mkaa wa mifupa ya mifugo limefanyiwa kazi kwa miaka. Tengeru ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mwaka 2016 ulianza mradi wa FLOWERED, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia, ukichunguza floraidi katika Bonde la Ufa kuanzia Ethiopia na Kenya hadi hapa Meru. Na floraidi ni jambo moja tu. Kuna kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu, na homa zinazotoka kwa mifugo kwenda kwa mfugaji. Kwa hiyo mkazi wa Maji ya Chai, Kikatiti, Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki ana kila sababu ya kutarajia kwamba siku moja atabisha hodi kijana mwenye kishikwambi, fomu ya kurasa kadhaa na kidau cha wino wa dole gumba.

Makala hii ni ya siku hiyo.

Jambo la kwanza: kukataa kila utafiti si ulinzi. Faida ya kutoa taarifa imeonekana hapo jirani tu, Moshi. Kati ya 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Zaidi ya nusu yao, wagonjwa 528, waliandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo makini vya maabara vilipokamilika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, homa ya mgunda, brusela, homa ya kupe na maradhi mengine ambayo dawa ya malaria haiyagusi. Hakuna daktari mmoja ambaye angeyaona hayo kwenye wodi yake peke yake. Yalionekana kwa sababu watu 870, au ndugu zao waliokaa kando ya kitanda, walikubali damu na historia zao ziwekwe pamoja na kuhesabiwa. Kila mfugaji wa Arumeru anayepimwa brusela leo badala ya kupewa dawa mseto ya malaria kwa mazoea, anakula jasho la wagonjwa wale.

Kukubali, hata hivyo, kuna namna yake. Swali ambalo washiriki wengi huliuliza ni moja: jina langu litaonekana? Na jibu huwa moja: hapana, tutatumia namba. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, hasa kwa anayeishi mahali padogo.

Mfano mzuri zaidi umetoka Marekani. Katikati ya miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za matibabu ya watumishi wake. Majina yalikuwa yameondolewa, na gavana wa wakati huo, William Weld, aliwahakikishia wananchi kwamba siri zao ziko salama. Mwanafunzi mmoja wa sayansi ya kompyuta, Latanya Sweeney, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, alikoishi gavana huyo. Katika mji mzima, waliozaliwa tarehe moja na gavana walikuwa sita. Wanaume kati yao walikuwa watatu. Aliyeishi kwenye eneo lake la posta alikuwa mmoja. Sweeney akayachomoa matibabu ya gavana kutoka kwenye rundo lililodhaniwa halina majina. Mwaka 2000 alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambuliwa kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta.

Sasa mtu achukue hesabu hiyo ailete kwenye kitongoji kimoja cha Ngarenanyuki. Kwenye jedwali la utafiti imeandikwa: mwanamke, miaka 34, mjane, watoto watano, anafuga mbuzi, anatibiwa kifua kikuu sugu. Jina halipo. Lakini ni nani kitongojini asiyemjua? Orodha ya wapiga kura haihitajiki hapo. Anatosha mtu mmoja anayechota maji kwenye bomba lile lile. Na ndivyo yalivyo meno ya Meru: mahali hufichua ugonjwa, na ugonjwa hufichua mahali. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, upande wa pili wa mkoa huu, wako katika hali ngumu zaidi. Ni watu wapatao elfu moja na ushee, na mwili wao umechunguzwa na wanasayansi kutoka pembe nyingi za dunia, kuanzia nguvu wanazotumia wakiwinda hadi vijidudu vya utumboni. Kwa jamii ndogo namna hiyo, kuficha jina la mtu kunaacha jina la watu wote wazi.

Kwa hiyo swali la jina lipite, yaulizwe mengine yenye uzito zaidi. Mama mtu mzima hana haja ya maneno ya kisomi. Anaweza kumwambia kijana wa kishikwambi: "Mwanangu, hizi taarifa zikitoka hapa zinakwenda wapi, na nani ameshika ufunguo wa namba na majina?" Utafiti ulioandaliwa vizuri una majibu ya haraka. Namba inakaa kwenye faili moja, jina kwenye faili jingine, na faili la majina linafungiwa mbali, likishikwa na watu wachache wanaojulikana. Kijana akibabaika, si lazima awe mwongo, huenda hajafundishwa. Aombwe ampigie msimamizi wake simu pale pale, au arudi kesho na jibu.

Neno kesho lisimwogopeshe mtu. Fomu ya ridhaa si risiti ya dukani ya kusaini ukiwa umesimama. Mshiriki ana haki ya kubaki na karatasi ya maelezo, kulala nayo, kumpa mtoto aliye sekondari amsomee, kumuuliza mume, mke au mzee wa ukoo. Asiyejua kusoma asomewe yote, mbele ya shahidi aliyemchagua asiyefanya kazi na watafiti, na shahidi naye atie saini. Na kama Kiswahili cha fomu ni kizito kwa bibi aliyezoea Kiarusha au Kimeru, mfasiri apatikane kabla ya wino, maana dole gumba lililogusa karatasi isiyoeleweka halijaridhia kitu. Wameru hawahitaji kufundishwa thamani ya karatasi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa kwa nguvu kwenye ardhi ya Engare Nanyuki, Ngarenanyuki ya leo, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa, New York, kudai kwamba wenyewe hawakuridhia. Wajukuu wa watu hao wana kila haki ya kuuliza mara mbili.

Mahali pa kutulia zaidi kwenye fomu ni pale panapozungumziwa matumizi ya baadaye. Sentensi yenyewe huwa fupi na ya upole: sampuli na taarifa zako zinaweza kuhifadhiwa na kutumika katika tafiti nyingine. Hapo ndipo Wahavasupai, kabila la Wamarekani wa asili wa jimbo la Arizona, walipoumizwa. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo wakijua inachunguzwa kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza. Mwaka 2003 mmoja wao alihudhuria utetezi wa tasnifu chuoni hapo akagundua kwamba damu ile ile imetumika kwa mambo mengine kabisa, pamoja na asili ya kabila lao, jambo lililogongana na simulizi zao wenyewe za walikotoka. Kesi ilikwisha Aprili 2010: chuo kililipa dola 700,000 kwa watu 41 na damu ikarudishwa. Kilichowauma Wahavasupai ni kwamba hawakuulizwa.

Fomu nzuri hutenganisha mambo hayo. Ina kisanduku cha kushiriki utafiti huu, kisanduku cha kuhifadhiwa damu, kisanduku cha taarifa kupewa watafiti wengine, na kisanduku cha sampuli kusafirishwa nje ya nchi. Mtu anaweza kusema ndiyo kwa cha kwanza na hapana kwa vingine, na bado ahudumiwe sawa na mwenzake. Pakiwa na saini moja inayobeba yote, mshiriki aombe vitenganishwe. Aulize pia: nikijitoa, taarifa nilizokwisha kutoa zitafanywa nini? Mtafiti mkweli atamwambia kwamba zilizobaki kwao zinaweza kufutwa, ila zilizokwisha kuchanganywa na za wengine au kuchapishwa hazirudi tena. Jibu hilo linauma kidogo, lakini ni bora kulisikia kabla.

Sheria ipo, na iko upande wa mshiriki kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili. Kitaifa kinatolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kanda hii pia ina kamati yake ya maadili inayoziunganisha Hospitali ya Kibong'oto, Taasisi ya Nelson Mandela na chuo cha CEDHA cha hapa Arusha. Dawa au chanjo ikijaribiwa kwa binadamu, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, nayo inahusika. Sampuli au taarifa zikitoka nje ya nchi, lazima pawe na mkataba unaosema nani anazipokea na kwa kazi gani. Juu ya hayo yote kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inaziweka taarifa za afya na za vinasaba katika kundi la taarifa nyeti, zinazotaka ridhaa ya maandishi, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambako mwananchi anaweza kulalamika.

Lakini siri nyingi hazivuji kwenye kompyuta za Ulaya. Zinavuja barabarani, kijijini, na kwenye simu. Hapa ndipo ushauri unapotakiwa kuwa wa kina, kwa sababu kamati za maadili haziko pale kitongojini kuona.

Tuanze na simu. Katika nyumba nyingi simu ni ya familia. Ujumbe unaosema "Unakumbushwa kufika kliniki ya kifua kikuu Jumanne" utasomwa na mtoto wa darasa la nne, na jioni mtaa mzima unajua. Mshiriki aseme mapema namba gani itumike, nani asipokee, na ujumbe uandikwe vipi: "Mama, usisahau Jumanne" unatosha. Halafu gari. Gari lenye nembo ya mradi wa UKIMWI likiegeshwa mlangoni mara tatu kwa mwezi limeshatangaza. Mtu anaweza kuomba wakutane zahanati, au mtafiti aje kwa bodaboda. Orodha nazo ni hatari. Mwenyekiti wa kijiji, kwa nia njema kabisa, hubandika majina ya waliochaguliwa kwenye ukuta wa ofisi au kuyasoma mkutanoni. Waliochaguliwa kupimwa maji ya nyumbani, sawa. Waliochaguliwa kwa sababu wanaumwa, hapana.

Picha ndizo za kuangaliwa zaidi katika tafiti za floraidi. Meno na miguu ya watoto hupigwa picha ili madaktari wawili au watatu wapime kiwango cha athari. Kama picha inapigwa kwa simu binafsi ya mkusanyaji taarifa, mzazi ana haki ya kuuliza itafutwa lini na kama inapita kwenye kundi la WhatsApp la timu. Picha ya meno ioneshe meno tu, isichukue uso. Picha ya miguu iishie magotini au kiunoni, bila sare yenye nembo ya shule. Binti wa miaka kumi na mbili ambaye picha yake ya kinywa wazi imezunguka kwenye simu za watu ataacha kucheka darasani, na hilo hakuna matokeo ya utafiti yanayolifidia.

Vishikwambi vina jambo jingine lisiloonekana: huchukua vipimo vya GPS vya nyumba. Nambari hizo zikiingizwa kwenye ramani ya simu zinampeleka mtu hadi kwenye mti wa parachichi ulio mbele ya mlango. Utafiti wa maji unazihitaji kweli. Unachotakiwa kufanya ni kuziondoa au kuzisogeza kabla ya jedwali kupewa mtu wa nje, na mshiriki ana haki ya kuuliza kama hilo lipo kwenye mpango.

Kwa upande wa pili wa meza wapo vijana wetu wenyewe: wanafunzi wa uzamili, wauguzi, maofisa maabara, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wanasukumwa kushirikisha taarifa na watafiti wengine. Majarida makubwa ya tiba yanataka kila jaribio la kitabibu lililoanza kuandikisha washiriki tangu Januari 1, 2019 litaje kwenye rejesta mpango wake wa kushirikisha taarifa. Wafadhili wakubwa wanadai hivyo hivyo. Kushirikisha kwenyewe ni jambo jema. Tabibu wa Nairobi hana haja ya kuwachoma sindano watu wengine mia ilhali jibu limo kwenye taarifa za Meru. Namna ndiyo muhimu. Tarehe ya kuzaliwa igeuzwe kuwa kundi la umri. Kitongoji kigeuzwe kuwa wilaya. Ugonjwa wenye wagonjwa wawili tu uunganishwe na mwingine, au uachwe. Na badala ya kuweka jedwali lote wazi kwa yeyote mwenye intaneti, liwekwe mahali ambapo mwombaji anajitambulisha, anaeleza kazi yake na kusaini kwamba hatajaribu kuwatafuta wenye taarifa.

Ipo tofauti ambayo watafiti wa Meru wanapaswa kuishika kwa mikono miwili: taarifa za mtu na taarifa za maji. Kiwango cha floraidi kwenye kisima cha kijiji si siri ya mtu. Hicho kitangazwe kwa nguvu zote, kibandikwe penye kisima, kipelekwe kwa mtendaji wa kata, shuleni na zahanati, kwa sababu mama mwenye mtoto mchanga anaweza kubadili chanzo cha maji leo, na kupunguza magadi anayolainishia maharage, ambayo nayo hubeba floraidi. Kinachofungwa kabatini ni meno na mifupa ya mtoto mwenye jina. Mara nyingi mambo huwa kinyume: taarifa za watoto zinasafiri, na kipimo cha kisima kinaishia kwenye tasnifu ambayo hakuna mnywaji wa maji hayo anayeisoma.

Kilifi, pwani ya Kenya, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimefanya kazi tangu 1989, wameandaa mtandao wa wawakilishi waliochaguliwa na jamii, wanaokutana na watafiti mara kwa mara. Kituo kilipotaka kutunga utaratibu wa kushirikisha taarifa, watafiti waliketi na wanajamii, wakiwemo wawakilishi hao, wakawauliza wanaonaje. Wengi hawakupinga. Walitaka kuambiwa, walitaka mtu wa kusimamia, na walitaka faida irudi. Vijiji vya Arumeru vinaweza kudai hicho hicho kupitia serikali ya kijiji na viongozi wa mila, washili na malaigwanani, kabla mtafiti hajapewa barua ya kuingia: tarehe ya kurudi na matokeo iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, kwa Kiswahili.

Watoto wana kifungu chao. Mzazi au mlezi ndiye anayesaini, lakini mtoto anayeelewa naye huulizwa, na akikataa kufungua kinywa aachwe. Kama taarifa zake zitatunzwa kwa miaka mingi, mzazi aulize iwapo atatafutwa akifikisha miaka 18 ili aamue mwenyewe. Aulize pia kitakachofanyika ikigundulika shida nyingine, mathalani upungufu mkubwa wa damu: ataambiwa nani, na atapelekwa hospitali gani, kwa gharama ya nani?

Mambo yakienda kombo, ngazi iko hivi. Kwanza ni namba ya mtafiti mkuu, iliyo kwenye karatasi ya maelezo. Asipojibu au jibu lisiporidhisha, karatasi hiyo hiyo inapaswa kuwa na namba ya kamati ya maadili iliyotoa kibali, ambayo haimtumikii mtafiti. Taarifa zikiwa zimevuja, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Haya yote yanahitaji kitu kimoja ambacho washiriki wengi hukiacha mezani kwa mtafiti: nakala yao. Ikae kwenye mfuko ule ule wa plastiki unaotunza kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, na nyuma yake iandikwe kwa kalamu tarehe, namba ya kibali, jina la aliyekuja, na chupa ngapi za damu alizochukua.